Hasidi Nipe Radhi: Jumamosi Zangu za Viraka Ngamiani

Kipande cha kwanza nilichokipeleka kwenye darasa la kushona mablanketi ya viraka kilikuwa na pembe tano. Nilikishona mwenyewe nyumbani, usiku, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, mama mmoja wa Kimarekani akinielekeza huku anatabasamu jinsi ya kuunga miraba tisa midogo ikawa mraba mmoja mkubwa. Wake ulikuwa mraba kweli. Wangu upande mmoja ulivuta, mwingine ukalegea, na katikati pakafura kama chapati iliyoingia hewa. Nilikipiga pasi mpaka kikanuka moshi. Hakikulala.

Mama Fundi, mwalimu wetu, alikishika kwa vidole viwili, akakigeuza kutazama nyuma kabla ya mbele. Akaniuliza, "Wafanya kazi gani, mwanangu?"

"Mhasibu, mama."

Akaitazama tena ile pembe ya tano. "Haya," akasema. "Na vitabu vyako navyo huwa hivi?"

Tulikuwa wanafunzi saba kwenye baraza ile ya Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara ambazo mji wetu wa Tanga umezipa namba ukaridhika, bila kujisumbua na majina. Wanawake sita na kijana mmoja, fundi mwanagenzi wa suruali, ambaye tajiri wake alimtuma akajifunze "vitu vya watalii". Cherehani zilikuwa mbili, moja ya kukanyaga na moja ya kuzungusha kwa mkono. Pasi ya umeme ilikuwepo, na ya mkaa imekaa kando yake kwa siku umeme ukiamua mambo yake. Ada shilingi elfu tano kwa kila Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri, chai juu ya mwenye nyumba, maandazi juu ya atakayechelewa. Nimenunua maandazi mengi.

Kilichonipeleka ni Lushoto. Binti yangu alipangiwa kidato cha tano huko, kuanza Julai, na anayeijua Lushoto ya Julai hahitaji maelezo. Mtoto aliyekulia Makorora, ambaye feni ikizimwa ananung'unika usingizini, anapelekwa kwenye milima ya Usambara ambako asubuhi ukisema "shikamoo" inatoka na moshi. Blanketi la dukani lingetosha, najua. Ila siku moja nilikuwa kwa fundi wangu wa nguo nikaona mfuko wa mabaki ya vitenge unasubiri kutupwa, rangi zote zile, nikauomba. Nikakaa nao miezi minne natazama video na kuharibu vitambaa. Matokeo yake mmeshayasikia.

Kitu chenyewe Mama Fundi anakiita mfarishi. Tabaka tatu: uso wa vipande vilivyoungwa, kitu cha joto katikati, bitana nyuma, halafu mshono wa mkono unaopita tabaka zote tatu zisiachane. Wenzangu walikiita blanketi la viraka. Kijana wa suruali alikiita kwilti, kwa kuwa ndilo neno aliloliandika alipokitafuta kwenye simu.

Kiraka si neno la heshima kwetu. Barabara mbovu hutiwa viraka. Hoja dhaifu hutiwa viraka. Mtoto akienda shule na kiraka makalioni wenzake watamtungia wimbo kabla ya kengele ya pili. Watangazaji wa mpira ndio peke yao waliolipandisha cheo neno hili: kwao kiraka ni yule mchezaji unayempanga beki leo, kiungo kesho, naye hakuangushi. Shangazi yangu wa Pangani hasikilizi mpira.

Alinipigia simu wiki ya pili. "Nasikia washona viraka."

"Ndiyo, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Kwani huyo mumeo siku hizi hakupi?"

Nilimweleza. Hakuelezeka. Baada ya kukata simu ndipo jibu zuri likanijia, maana shangazi mwenyewe husuka mikeka. Huchana ukindu, huutia rangi, husuka shupatu refu jembamba, kisha hulishona ukingo kwa ukingo, safu kwa safu, mpaka mkeka upatikane. Mkeka wa pwani ukiuinamia karibu ni vipande vilivyoungwa tu, na sifa ya msukaji iko katika kuyaficha maungio. Na ukishuka Deep Sea, ufukwe wetu wa wavuvi, asubuhi wakirudi, angalia matanga ya ngalawa: kipande cha turubai hapa, cha mfuko wa nailoni pale, na chombo kinakuja moja kwa moja. Jina la kile kitambaa na jina la mji wetu ni neno moja. Sikumpigia tena kumwambia haya. Nina adabu, na pia nilikuwa nimemwagiza mikeka miwili.

Jumamosi ya kwanza hatukushona hata tundu moja. Tulifua. Kanga na kitenge kipya vina wanga na hupungua vikifuliwa, na havipungui sawasawa, kwa hiyo ukishona kabla ya kufua, mfarishi utajikunyata wenyewe siku ya kwanza kwenye beseni. Halafu kuna kuchuja. Nyekundu na nyeusi ndizo za kuogopwa. Mama Fundi alituonyesha: lowesha kitambaa, kibonyeze juu ya kipande cheupe, subiri. Kipande changu cheupe kilitoka waridi. Kanga hiyo niliifua mara tano, mara mbili kwa chumvi kama alivyoshauri jirani yangu darasani, nikaishia kuiacha. Chumvi haikusaidia kitu, nasema hivi ili msijisumbue.

Kisha tukafundishwa kusoma nyuzi, na hapo ndipo pembe yangu ya tano ilipopatiwa maelezo. Kitambaa kina nyuzi za urefu na nyuzi za upana. Vuta kwa urefu, hakiendi popote. Vuta kwa upana, kinaachia kidogo. Vuta hanamu, yaani mshazari, na kinanyooka kama mpira wa manati. Mabaki ya kwa fundi ni yale yaliyobaki baada ya kukatwa mikono na shingo, yana pande za kila aina, na mimi nilikuwa naweka rula popote palipotoshea. Nusu ya miraba yangu ilikatwa hanamu bila mimi kujua. Nilipoishona, na zaidi nilipoipiga pasi kwa nguvu zangu zote, ikanyooka kila mmoja kwa tabia yake. Yule mama wa kwenye video hakuwahi kulisema hili, au alilisema nikiwa namimina chai. Mama Fundi hakulisema pia. Alichukua mkono wangu, akanipa kitambaa, akaniambia, "Vuta. Sasa vuta huku. Sasa huku." Basi.

Na pasi nilikuwa siijui. Pasi ya mshono haiburutwi. Unaishusha, unahesabu hadi tano, unaiinua, unaishusha mbele. Maungio yanalazwa upande wa kitambaa cheusi ili rangi isionekane kupitia cheupe, na pale mishono miwili itakapokutana, mmoja unalazwa kulia na mwenzake kushoto, vituta vyao vikutane na kubanana. Ukipapasa kwa kidole unasikia vimekaa, kama meno ya zipu. Kusikia huko kwa kidole ndiko nilikokosa miezi minne yote. Kijana wa suruali alikuwa nako tangu siku ya kwanza na alikuwa anajifanya hajui tunashangaa nini.

Sasa hesabu, nafasi yangu ya kujisifu, nilifikiri. Mraba unakatwa inchi 3 na nusu. Robo inchi inaliwa na mshono kila upande, unabaki inchi 3. Miraba tisa, tatu kwa tatu, yatoa kipande cha inchi 9. Kitanda cha bweni nilikipigia vipande 6 kwa 8, inchi 54 kwa 72, yaani vipande 48, yaani miraba 432. Kanga moja, nusu ya doti, ina kama sentimita 150 kwa 110, na ukiikata bila kupoteza yatoa miraba 192. Niliandika yote kwenye daftari, nikapiga mistari miwili chini ya jumla kama ofisini.

Mama Fundi alilisoma daftari, akalifunga, akanirudishia. "Robo inchi yako ni ipi?"

Sikuelewa swali. Robo inchi ni robo inchi. Akanipa vipande viwili nishone, kisha akapima. Nilikuwa nimekula zaidi kidogo, sehemu ya kumi na sita ya inchi, unene wa uzi na mkunjo wa kitambaa. Kwa mshono mmoja hakuna atakayeona. Lakini kosa liko pande zote mbili za mshono, kwa hiyo kila mshono unapoteza sehemu ya nane, na safu yangu ya miraba 18 ina mishono 17. Zidisheni wenyewe. Inchi mbili na ushei zimekwenda, na hakuna safu iliyo sawa na jirani yake kwa sababu sikukosea sawasawa. Ofisini nimewahi kukesha siku tatu natafuta shilingi mia nne, na nilijiona mtu makini.

Kwa hiyo nilifumua. Kwa wembe, kama mafundi wetu wote, tundu moja baada ya jingine, unakata kila uzi wa tatu halafu unauvuta wa upande wa pili ukija wote. Kwenye baraza lile kufumua hakuna aibu yoyote, kunapigiwa soga. Mambo yote niliyoyajua kuhusu ndoa za wenzangu niliyajua wakati wa kufumua. Wakati wa kushona hakuna anayezungumza.

Wiki ya nne ilikuwa ya kukata kanga nzima, na darasa likagoma.

Mabaki tulikuwa tunayakata bila shida, lakini kanga nzima, iliyofuliwa, yenye pindo lake pande nne na mji wake katikati na jina lake, yale maneno yaliyochapwa, chini, kuipitisha mkasi ni jambo jingine. Mwenzetu mmoja, mke wa mwalimu, alikuwa na doti ya harusi ya dada yake. Aliishika akairudisha kwenye mfuko mara tatu. Mimi niliyoleta nilipewa siku ya arobaini ya mtoto huyu huyu anayekwenda Lushoto.

Mama Fundi alikuwa anachonga chaki. Bila kuinua macho akatuuliza kama tunajua kanga ilitokea wapi. Tukajibu India, China, Urafiki, kila mtu lake. Akasema ilitokea kwenye mkasi.

Hadithi hiyo inasimuliwa pwani yote, nami nilikuwa nimeisikia na kuisahau. Kabla ya kanga kulikuwa na leso, na neno lenyewe tulilipata kwa Wareno. Katikati ya karne ya 19 leso hizo zilikuwa zikija zimefuatana kwenye jora, muuzaji anakukatia mojamoja. Wanawake wa Unguja na Mombasa wakaanza kukata tatu tatu. Leso tatu zilizofuatana waliziunga ubavuni na nyingine tatu, zikawa sita, nguo moja ya kujifunga. Uchoro ulipatikana kwa namna ulivyozipanga. Wenye maduka walipoona hilo linapendwa wakaagiza nguo iliyochapwa nzima, upana na urefu huo huo, na ndiyo hii tunayoiogopa.

"Leso sita," Mama Fundi akasema. "Wewe waunga tisa. Tofauti tatu tu. Kata."

Mke wa mwalimu akakata. Ule mlio wa mkasi kwenye pindo nausikia bado.

Kuhusu majina palizuka mjadala. Jina la kanga halitoshi kwenye mraba wa inchi 3 na nusu, ukilikata na mraba unapata nusu neno. Tukaamua kuyakata utepe utepe, neno kwa neno, tuyatumie kuzungushia ukingo. Majina hayo hapo mwanzo yalichapwa kwa herufi za Kiarabu, na duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887, ndilo linalosifiwa kwa kuzipa kanga majina. Hata leo pembeni mwa kanga zao utakuta "K.H.E. Mali ya Abdulla". Mmoja wetu alikata pamoja na hayo akayashona. Mfarishi wake sasa ni mali ya Abdulla, na mumewe haitwi Abdulla.

Maneno yote tuliyaweka kwenye sinia moja. Lilikuwa kosa. Kulikuwa na HASIDI HANA SABABU, kulikuwa na MAMA NIPE RADHI, kulikuwa na AKUFAAYE KWA DHIKI NDIYE RAFIKI, na WEMA HAUOZI. Mke wa mwalimu akaokota bila kutazama, akapitisha kwenye cherehani haraka haraka kwa sababu adhana ilikuwa inakaribia, akainua tusome: MAMA HANA SABABU.

Tulicheka mpaka kijana wa suruali akatoka nje. Yaliyobaki kwenye sinia kutoka kanga zile mbili nayo yakajipanga yenyewe: HASIDI NIPE RADHI. Nikayachukua mimi. Kuanzia hapo hakuna aliyetaka tena sentensi iliyokamilika. AKUFAAYE HAUOZI ilipatikana, na WEMA HANA RAFIKI, ambayo mwenye nayo aliiona nzito akaifumua, kisha akairudisha. Mke wa mwalimu aliupiga picha ule ukingo akamtumia mama mkwe wake. Hakutuambia alijibiwa nini.

Nusu ya pili ya mafunzo ilikuwa ya mfarishi wa aina nyingine, ule ambao Mama Fundi aliujua tangu usichana wake. Alifundishwa na jirani yao wa Kihindi, mama aliyekuwa akishona godadi uani nyuma ya duka, na Mama Fundi, msichana wa kazi hapo, alikuwa akimtungia uzi. Godadi na godoro, anasema, sikilizeni wenyewe. Huu hauna rula. Hauna miraba. Tabaka za nguo kuukuu zinatandazwa, unakunja ukingo, unaanza pembeni kuweka vipande kimoja baada ya kingine, kila kimoja umekikunja kingo kwa kidole, na mshono wa mbele kwa mbele unapita tabaka zote kwa mara moja. Unazunguka nje mpaka ufike ulipoanzia, kisha unaingia ndani mzunguko wa pili, na wa tatu, hadi unakutana na nafsi yako katikati. Pamba haihitajiki. Kwa joto la Tanga ndio unaofaa: unautandika, mtoto mchanga unamlaza, ukichafuka unafulika.

Jumamosi moja kijana wa suruali alikuja na video. Mama Fundi huwa hapendi, husema simu haina vidole, lakini hii aliitazama. Wanawake wameketi chini, kwenye ua wa udongo, wanashona. Wanaanzia pembeni, wanazunguka, wanaingia ndani. Sura zao zingeweza kuwa za Muheza. Lugha haikuwa yetu.

Ni Wasiddi wa Karnataka, India, wanaoishi kwenye misitu ya wilaya ya Uttara Kannada, wazao wa Waafrika waliovushwa bahari kwenye vyombo vya Waarabu na vya Wareno, wengi kupitia Goa, na ambao wengine walitoroka wakaingia milimani. Wako Waislamu, Wakristo na Wahindu. Mfarishi wao wanauita kawandi. Tabaka la nyuma ni sari kuukuu, vipande ni nguo zilizochakaa, na kwenye kila pembe wanaweka vitambaa vilivyokunjwa kunjwa vikainuka, viitwavyo phula, maana yake maua. Mfarishi usio na maua, wanasema wenyewe, uko uchi.

Mama Fundi aliirudia mara tatu. Akasema, "Mie niliambiwa ni kazi ya Kihindi." Kisha akasema, "Kumbe." Akamrudishia kijana simu yake, akaenda ndani kutazama maji ya chai ambayo hayakuwa motoni.

Kutch ya India na Sindh ya Pakistan nako wana godadi na ralli, mifarishi yao ya tangu zamani, kwa hiyo sitadai mshono ule ni wetu kisha nikaupeperushia bendera. Nasema tu kwamba Jumamosi iliyofuata darasa zima lilikunja maua ya pembeni bila kuagizwa.

Mimi ule wa kuzunguka sikuuweza. Nikiri. Bila rula mkono wangu unakuwa kama mtu aliyeshushwa stendi asiyoijua, na kipande changu cha mazoezi kilipofika katikati kilikuwa na kovu. Kijana wa suruali, aliyekuwa hodari kwenye miraba, naye alishindwa. Aliyeng'ara ni bibi mmoja mtu mzima aliyekuwa hajapata mraba hata mmoja wa sawa tangu tuanze. Alishona kawandi nzima ya mjukuu kwa wiki tatu na kutuuliza mbona tunachelewa.

Nikarudi kwenye miraba yangu 432. Bitana niliyonunua ilikuwa marekani, ile nguo ya pamba isiyopaushwa, rangi ya unga wa dona. Niliivuta kwenye jora bila kufikiri jina lake, mpaka muuzaji aliposema, "Marekani ya China au ya hapa?" Jina hilo lina umri. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ndio waliokuwa wakiileta Unguja baada ya Marekani kutiliana mkataba na Sultani mwaka 1833, na ndiyo iliyobebwa kwa mizigo na misafara ya bara, ikawa fedha ya njiani. Pamba yake ililimwa na watumwa kusini mwa nchi hiyo. Wajukuu wa watumwa wa huko huko, wanawake wa Gee's Bend katika jimbo la Alabama, wakashona mifarishi kwa suruali za shamba zilizochakaa magotini. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ikatundikwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa la Houston, na mwaka 2006 ikawekwa kwenye stempu za posta za Marekani. Picha zake nilizionyesha darasani. Mistari imepinda, miraba si miraba. Mama Fundi akaniambia nisizitumie kama kisingizio.

Tulitandaza mkeka, juu yake marekani, juu yake blanketi jepesi la mitumba (sufi, ile pamba ya msufi, Mama Fundi aliikataa, ikilowa inakuwa mabonge), juu kabisa uso wangu wa vipande 48, tukapiga bandi ndefu kutoka katikati kwenda nje kama miale, watu wanne tumepiga magoti. Kisha nikaachwa na sindano.

Mkono wa juu unasukuma kwa subana, mkono wa chini unangoja ncha. Ncha ikigusa kidole unaigeuza irudi juu. Usipoigusa hujui kama umefika bitana. Ukiigusa sana unatoka damu. Siku ya pili nilidondosha tone kwenye mraba mweupe nikakimbilia sabuni. "Liteme mate," Mama Fundi akasema. "Mate yako kwa damu yako." Likatoka. Yeye anapiga mishono minane, tisa, kwa inchi, nilihesabu. Mimi minne, nikiwa na usingizi mitatu.

Nilishona Mei yote na Juni yote, jioni, taarifa ya habari ikiendelea. Binti alikuwa akipita anatazama, anauliza kama utakuwa na kofia, anacheka, anaondoka.

Siku mbili kabla ya safari shangazi akafika kutoka Pangani na mikeka yangu miwili kichwani mwa kijana wa bodaboda. Baada ya chai akaulizia hivyo viraka. Nikamtandazia kitandani. Hakusifu. Aliugeuza kwanza, kama alivyofanya Mama Fundi na ile pembe tano, akavaa miwani, akapitisha kiganja mgongoni mwake safu kwa safu. Akaugeuza mbele, akasoma ukingo kwa sauti: "Hasidi nipe radhi." Akanitazama. Akasoma tena.

Kisha kidole chake kikasimama karibu na pembe, mahali ambapo mishono ilikuwa mirefu kama ya gunia.

"Hapa ulilala," akasema.

"Nililala, shangazi."

"Niletee sindano." Akasogea dirishani kwenye mwanga, akaukunja ule upande magotini kama anavyokunja shupatu. "Na unitungie uzi, mie tundu silioni."